Fulana gani ya kuelea inakaa vizuri na hanesi?

Wakuu, naendesha ubao wa tanga Diani, hanesi ya kiunoni (mkanda wenye ndoano ya kujishikiza kwenye kamba ya tanga). Nikivaa jaketi la kuokolea, hanesi inapanda mpaka mbavuni na ndoano inachomoka kwenye kamba. Kusi imekaza, nishaurini.

— Chukua fulana fupi inayoishia juu ya hanesi. Vaa fulana na hanesi pamoja dukani, inua mikono kama umeshika bumu, ule mti wa kushikia tanga.

— Soma lebo, ndugu yangu. Ya kuelea yenye cheti huandikwa 50N, yaani nguvu ya kuelea ya nyutoni 50. Fulana nyingi za kukinga mbavu hazina cheti hicho; zinapunguza kishindo tu. Ukivuka mwamba, vaa 50N.

— Ila povu la ndani ya fulana lisizidi! Tanga likikufunika, lazima uweze kuzama kidogo utokee pembeni.

— Asanteni. Hanesi ya kukalia, ile ya makalioni, je?

— Ndoano yake iko chini zaidi, haigombani sana na fulana.