Mdogo wangu: karatasi moja imeandikwa skizofrenia, nyingine bipola

DadaWaTukuyu:
Habari za humu wapendwa. Mdogo wangu wa kiume, miaka 27, hununua viazi mashambani na kuvipeleka Uyole. Mwaka juzi alipandisha: siku tano halali, anaongea mpaka sauti inakauka, akakopa pikipiki mbili na kuuza parachichi zikiwa bado maua. Akasema kuna sauti inamwambia yeye ndiye atakayejenga reli mpaka Kyela. Hospitali ya kwanza waliandika skizofrenia. Mwaka huu daktari mwingine kaandika bipola, na dawa ni ileile olanzapini! Ni magonjwa mawili ya akili au moja lenye majina mawili? Mama kachoka, anasema wanabahatisha tu.

FundiMbao_Mafinga:
Pole dada. Mimi nina bipola, mwaka wa tisa huu. Nikipanda nasikia sauti kabisa, tena zinanisifia. Kuna siku nilipatana bei ya mashine ya kupasulia mbao, mfukoni nina elfu kumi na mbili. Nikishuka sauti hakuna, ila hata kunawa uso siwezi. Natumia dawa ya lithiamu na kupima damu sikosi, maana ikizidi mwilini ni sumu.

MuuguziMstaafu_Iringa:
Mwanangu, olanzapini inatibu yote mawili, kwa hiyo dawa isikuchanganye. Hata sauti zisikuchanganye, huyo kijana wa Mafinga kakwambia. Kwenye bipola hisia ndizo zinazotangulia, sauti zinafuata mkia. Kwenye skizofrenia, sauti na mawazo ya kufuatiliwa na watu hubaki hata mtu akiwa hana furaha ya kupita kiasi wala huzuni. Polepole anajitenga, uso unakuwa mkavu, kuoga mpaka asukumwe. Mwongozo wa madaktari wa Marekani unataka dalili zidumu angalau miezi 6 ndipo waite skizofrenia. Sasa aliyemwona siku ile ya reli ya Kyela angejuaje? Wapo pia wenye vyote viwili, hao huitwa skizoafektivu. Na akishuka msimpe dawa ya sonona peke yake kutoka duka la dawa, inaweza kumpandisha upya.
Niambie: katikati hapo, akiwa hajapanda wala hajashuka, anakuwaje?

DadaWaTukuyu:
Ndaga fijo, asante sana mama. Swali lako limenipeleka kwenye daftari lake la viazi. Kurasa za mwanzo hesabu zimenyooka, magunia, nauli, deni la nani. Halafu mwandiko unakuwa mkubwa, mistari mitatu inajaza ukurasa, faida mamilioni. Kisha Juni na Julai hakuna kitu, ndiyo miezi aliyolala tu na blanketi tukadhani ni baridi. Agosti hesabu zimenyooka tena, na kamdai mtu mia tano! Hakuna daktari aliyewahi kuliona. Alhamisi tunaenda kliniki, nimeshaliweka kwenye mkoba.

FundiMbao_Mafinga:
Ila mwombe ruhusa kwanza, dada. Mimi wangebeba daftari langu kimya kimya ningenuna mwezi mzima.