Msaada: Chandni Chowk kwa siku moja, nile nini tumbo lisinisumbue?

Mgeni_Delhi
Wakuu, habari za usiku. Nipo Delhi wiki ya sita sasa, mvua za Julai zimetufungia ndani. Jumamosi nataka kwenda Chandni Chowk, lile soko la mji wa kale, nile vya mtaani kuanzia asubuhi mpaka jioni. Orodha ninayo: golgapa (vipuri vya kujazwa maji ya ukwaju), dahi bhalla, paratha za kwenye uchochoro wake, nihari ya nyama, jalebi za shira, na kile kipovu cha maziwa kiitwacho daulat ki chaat. Hicho juzi nimekipita kwenye sinia, nikakosa chenji. Nianzie wapi, na kipi nikiache? Tumbo lisinisumbue kabisa, hasa kabla ya Jumanne. Natanguliza shukrani.

Mla_Mshikaki
Mkuu, hapa umefika. Panda metro ya njano, shuka kituo cha Chandni Chowk kabla ya saa 3 asubuhi. Fungua kinywa na bedmi: puri iliyojazwa dengu za urad zilizosagwa na viungo, inatoka kwenye karai mbele yako, inaliwa na mchuzi wa viazi unaochemka. Nihari nayo ni ya alfajiri. Inalala jikoni usiku kucha, inauzwa mapema upande wa Jama Masjid, ukijivuta utakuta sufuria inakwanguliwa.

Paranthe Wali Gali, ndio huo uchochoro wa paratha, usitarajie chapati ya kusukuma. Ile inajazwa ndani na kukaangwa kwenye samli nyingi, inakaribia kuwa puri. Hakuna nyama, kitunguu wala kitunguu saumu, wenye maduka ni Wabrahmini. Jalebi ni kona ya mtaa wa Dariba Kalan, duka la tangu 1884. Nene kama kidole, si zile nyembamba tulizozoea. Barabara kuu magari yanazuiwa saa 3 asubuhi hadi saa 3 usiku, kwa hiyo ni miguu yako au riksho. Beba noti ndogo ndogo.

Chumvi_Mawe
Naongeza moja kwa watu wa Pwani: kachori ya kule si kiazi cha mviringo kama chetu. Ni donge la unga lililojazwa dengu, likakaangwa taratibu kwa moto mdogo mpaka likawa gumu na la kuvunjika. Moto ukizidi, nje linababuka na ndani unga unabaki mbichi. Wengi huagiza wakiwaza urojo, kisha wanalalamika.

Bi_Hamdani
Mleta uzi, Jumanne kuna nini? Mtu wa matembezi hahesabu tumbo kwa tarehe.

Mgeni_Delhi
Nina miadi tu, mama. Tuendelee na chakula.

Bi_Hamdani
Miadi ya wapi? Wiki sita Delhi msimu wa mvua, huo si utalii. Sema, mwanangu, usaidiwe.

Mgeni_Delhi
Haya. Figo za kaka yangu zimefeli, na mimi ndiye ninayemtolea. Upasuaji ni Jumanne. Ila msianze kunisomea khutba. Mimi ni mzima, vipimo vyote safi, na hakuna aliyenikataza kula. Anayenitembeza nimeshamlipa nusu. Nikishachanwa sitaweza kujipenyeza kwenye ule msongamano, na nikipona tu narudi nyumbani. Kwa hiyo Jumamosi naenda. Nauliza nini kiko salama, siulizi kama niende.

Dripu
Nakujibu kwa hesabu. Kuhara kwa wasafiri mara nyingi huanza ndani ya siku 3 baada ya kula. Jumamosi jumlisha 3 ni Jumanne. Ukiishiwa maji mwilini kreatinini, kile kipimo cha kazi ya figo, inapanda, vipimo safi vinachafuka, kaka yako anarudishwa kwenye dayalisisi. Hilo ndilo jepesi. Homa ya matumbo hujificha siku 6 hadi 30, homa ya ini aina A siku 15 hadi 50. Wakati huo figo iko kwa mwenzio, naye anameza dawa za kushusha kinga. Kilichokuwa kwenye damu yako kinaweza kuhama nayo. Na tumbo likikukata usikimbilie diklofenaki wala ibuprofeni, zinaumiza hizo hizo figo. Mpigie mratibu wa upandikizaji kabla ya kukanyaga soko.

Mla_Mshikaki
Loo. Basi nafuta nusu ya niliyosema. Golgapa ondoa kabisa: ule mchuzi wa nanaa, ukwaju na chumvi nyeusi ni maji ya bomba yasiyochemshwa, na muuzaji anachovya kila puri kwa mkono uliotoka kushika noti. Ukali wa ukwaju usikudanganye, hauui vijidudu. Dahi bhalla watu hudhani shida ni mtindi. Shida ni kwamba kile kidonge cha dengu kikishakaangwa kinalowekwa kwenye maji kilainike, kinakamuliwa kwa kiganja, ndipo kinamwagiwa mtindi. Aloo tikki, kababu ya viazi, inatoka motoni vizuri, kisha inaharibiwa na chatne ya kijani juu yake. Kulfi, ile aiskrimu yao, na faluda vilevile, baridi inalaza vijidudu tu.

Saa_Nane
Jamani, mnachoka bure. Hii ni CHAI. Anasema juzi, mwezi Julai, ameona daulat ki chaat kwenye sinia. Kitu kile ni cha baridi tu, Novemba hadi Februari hivi. Maziwa na krimu vinawekwa nje usiku wa baridi, alfajiri vinapigwa mpaka povu lisimame, juu zafarani na pistachio. Hata wakati wa baridi jua likikolea linaanza kunywea. Julai ya Delhi? Lingekuwa maji kabla hujatoa pochi. Huyu yupo Mbagala anatazama video.

Chumvi_Mawe
Kama ni chai mbona nafuu, imechemka. Ndicho kinywaji pekee cha kule ninachokiamini, hasa kwenye kikombe cha udongo kinachotumika mara moja na kutupwa. Glasi zao zinasuuzwa kwenye ndoo moja kutwa nzima.

Dripu
Saa_Nane ana hoja kwenye povu. Mleta uzi, kama kweli unatoa figo ukiwa mgeni, umepita kamati ya kuidhinisha upandikizaji. Walitaka nini?

Mgeni_Delhi
Vyeti vya kuzaliwa vya wote wawili, picha za familia tukiwa pamoja, na Fomu 21 ya ubalozi kuthibitisha undugu. Mahojiano yalirekodiwa kwa video. Waliniuliza mara mbili kama kuna aliyenilipa.

Povu nimedanganya. Nimeliona kwenye simu. Sijawahi kufika Chandni Chowk, wiki zote hizi ni chumba cha kupanga, hospitali, chumba. Niliandika vile msinione mshamba.

Saa_Nane
Fomu 21 mtu haiokoti kwenye video. Nimekubali, mkuu. Samahani kwa la Mbagala.

Bi_Hamdani
Pole, mwanangu. Umempigia mratibu?

Mgeni_Delhi
Nimempigia sasa hivi. Amesema macho ruksa, mdomo hapana, hata chai. Chakula ni cha kantini mpaka Jumanne. Anayenitembeza amekubali ile nusu iwe ya kunizungusha tu: Jama Masjid, halafu Khari Baoli nikaone viungo. Jalebi nitaitazama ikizungushwa kwenye samli.

Mla_Mshikaki
Basi ukishaondolewa nyuzi na daktari akakuruhusu, ndiyo iwe ya kwanza. Simama karibu na karai, usikubali ya kwenye sinia. Sema "garam", yaani ya moto.

Mgeni_Delhi
Garam. Nimeandika.

Chumvi_Mawe
Subiri, Khari Baoli nako kuna neno. Wenye pilipili wanamimina magunia, vumbi linapanda hadi ghorofani, wapagazi wenyewe wanakohoa na kupiga chafya siku nzima. Nawe unapelekwa kwenye usingizi wa dawa Jumanne na koo lililowaka.

Mgeni_Delhi
Kwa hiyo hata kunusa siruhusiwi?

Bi_Hamdani
Barakoa si unazo? Vaa mbili.