Mrejesho: nibadili jina la mwisho au niache, nimeamua

Jamani mrejesho. Niliuliza kama nichukue jina la mume wangu, maana mawifi walikua wananisema kila nikienda ukweni Makorora, hapa Tanga, eti mke gani anabaki na jina la babake.

Nimebaki nalo. Kwanza Sheria ya Ndoa ya 1971 haimlazimishi mke kubadili, na sisi Waislamu nasaba ya mtu ni kwa babake, hilo mume wangu alilisema mwenyewe bila kusukumwa. Halafu usumbufu, uende kwa wakili, ndo uanze kitambulisho cha taifa NIDA, benki, paspoti, huku vyeti vya shule vina jina la zamani.

Ila kilichonimaliza sio makaratasi. Nilienda Ngamiani kwa mama kuchukua cheti cha kuzaliwa akanitolea na daftari langu la darasa la kwanza, juu ya jalada marehemu baba, Mungu amrehemu, kaniandikia jina kwa wino wa bluu na mwisho kabisa jina lake, ile herufi ya mwisho kaivuta mkia mpaka ukingoni. Tuko mabinti watatu tu, hakujaaliwa wa kiume. Nililia palepale mkekani.

Mama mkwe nilimfuata mwenyewe, nikamwamkia, nikamweleza taratibu. Akanyamaza kidogo, akasema "mwanangu, mbona mie naitwa kwa babangu mpaka leo." Mawifi wametulia. Watoto inshallah watabeba la baba yao, hapo sina ubishi kabisa.