Wauza meshi Kariakoo na wafunga fremu: unene wa uzi uko wapi, na mkazo mmeupima kwa kifaa gani?

Wakuu, nafungua mada hii nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Kazi ya kuchapa fulana kwa skrini, yaani kusukuma wino upite kwenye meshi, kitambaa cha wavu kilichokazwa kwenye fremu, hapa Dar inaharibiwa na watu wawili: anayeuza meshi bila kusema anauza nini, na anayefunga fremu bila kupima alichokifunga. Mteja akirudisha mzigo wa fulana nyeusi kwa sababu nyeupe imetoka ya kijivu, lawama zote zinamwangukia mchapaji. Ataambiwa hajui kazi, au wino wake ni feki. Wino wenyewe mara nyingi hauna kosa.

Tuanze na meshi. Ingia Kariakoo, uliza meshi ya fulana, utaambiwa "ipo 120". Mia na ishirini nini? Kama ni nyuzi 120 kwa inchi, hizo ni nyuzi 47 kwa sentimita, kitambaa cha tundu kubwa, kizuri kwa maandishi mapana na nyeupe nzito. Kama ni 120 kwa sentimita, hiyo ni sawa na 305 kwa inchi, tundu lake halifiki nusu ya lile, na kazi yake ni picha za nukta ndogo. Namba ni moja, vitambaa ni viwili visivyokaribiana. Kijana amejifunza kwenye video za Wamarekani wanaohesabu kwa inchi, anakuja dukani anataja 110, anauziwa bando lililohesabiwa kwa sentimita. Akishamwaga plastisoli nyeupe, ule wino mzito wa fulana, juu yake haipiti hata akandamize kwa kifua. Hela imeenda, na meshi ikishakatwa hairudishwi.

Sasa hata akikutajia inchi au sentimita, bado hajakwambia nusu ya pili ya habari: unene wa uzi. Hapa ndipo wauzaji wengi wanapogeuka wakali. Zile herufi za zamani, S kwa uzi mwembamba, T kwa wa kati, HD kwa mnene, zinasaidia kidogo tu kwa sababu hazitaji maikroni, yaani sehemu za elfu za milimita. Maandishi yanayotakiwa ni ya namna hii: 59/48. Yaani nyuzi 59 kwa sentimita, uzi wa maikroni 48.

Kwa nini nang'ang'ania hilo? Chukueni kalamu. Gawa 10,000 kwa idadi ya nyuzi kwa sentimita, unapata nafasi ya uzi mmoja pamoja na tundu lake kwa maikroni. Toa unene wa uzi, kinachobaki ni upana wa tundu. Meshi ya 61/64, ambayo ndiyo 156 ya kawaida kwa inchi, inatoa tundu la maikroni 100. Ya 59/48, ambayo kwa inchi inaitwa 150, inatoa maikroni 121. Mbali kidogo tu, utasema. Lakini piga hesabu ya eneo: ya kwanza ina uwazi wa asilimia 37, ya pili inafika 51. Idadi ya nyuzi inakaribia kulingana, ila mlango wa wino umepanuka kwa zaidi ya theluthi. Ndiyo maana nyeupe juu ya fulana nyeusi inashuka kwa mkono mmoja laini wa skwiji, kile kibao cha mpira cha kusukumia wino, pale ambapo meshi ya uzi mnene inataka mikono mitatu na kukaushwa katikati. Na kwa kuwa uzi ni mwembamba, hauzibi kingo za herufi ndogo. Juu zaidi ni hivyo hivyo: 225 kwa inchi yenye uzi wa 40 ina uwazi wa karibu asilimia 42, wakati 230 ya uzi wa 48 inabaki 32.

Kwa hiyo muuzaji anayekupa uzi wa 64 na kukuambia "hii ndiyo ile nyembamba, bosi" amekuibia. Hakuna jina jingine. Na usimwamini anayekuonyesha rangi. Njano haimaanishi wembamba wala ubora. Rangi ile inazuia mwanga usisambae ndani ya nyuzi wakati wa kuchoma skrini, yaani kuipiga picha kwa mwanga, na inakudai muda mrefu zaidi wa mwanga. Basi.

Kuna njia mbili za kujilinda dukani. Ya kwanza ni kioo cha kuhesabia nyuzi, kile kidogo cha kukunja chenye dirisha la sentimita moja. Hesabu pande zote mbili za kitambaa, marefu na mapana. Ya pili ni mzani, na hii haiwezi kubishaniwa. Poliesta uzito wake unajulikana, karibu gramu 1.38 kwa sentimita ya ujazo, kwa hiyo uzito wa kitambaa unakuambia unene wa uzi. Mita moja ya mraba ya 59/48 inakaribia gramu 30. Ya 61/64 inakaribia gramu 55. Kata kipande cha sentimita 50 kwa 50, weka kwenye mzani mdogo wa vito: ya kwanza itasoma kama gramu saba na nusu, ya pili kama kumi na nne. Hakuna maneno matamu yanayoweza kuficha tofauti ya karibu mara mbili. Na hakikisha ni poliesta kweli. Nailoni inanyonya unyevu na kulegea, na unyevu wa Dar mnaujua.

Nahamia kwa wafunga fremu, na hapa nina maneno makali zaidi.

Mnagonga fremu kwa kidole mnasema "sikia hiyo, ngoma!" Huo siyo upimaji. Sauti inategemea ukubwa wa fremu na uzito wa kitambaa pamoja na mkazo. Fremu ndogo inalia juu hata ikiwa imelegea. Na meshi ya uzi mwembamba ni nyepesi, kwa hiyo inalia juu kuliko ya uzi mnene kwa mkazo uleule. Yaani kitambaa ambacho kinahitaji uangalifu kuliko vyote ndicho ambacho kidole kinakidanganyia zaidi. Mkazo unapimwa kwa mita ya mkazo, kwa nyutoni kwa sentimita. Unaiweka kwanza juu ya kioo tambarare kuhakikisha inasoma sawa, kisha unapima katikati na karibu na kona nne, kila sehemu mara mbili: kwa kufuata nyuzi za marefu na za mapana. Sehemu zikipishana zaidi ya nyutoni mbili, fremu hiyo haijafungwa sawasawa na mteja ana haki ya kuikataa.

Meshi ya kawaida ya fulana inavumilia nyutoni 25 hadi 30. Ya uzi mwembamba iwekwe kati ya 20 na 24, isizidi. Uzi wa maikroni 48 una nyama kama asilimia 56 tu ya uzi wa 64, kwa hiyo fundi anayeuvuta kwa nguvu ileile ya siku zote anaupasua mezani, au anaupeleka ukingoni mwa kupasuka, upasuke kwa mteja. Na anayeogopa akauacha kwenye 12 ameua faida yake yote: meshi haiachani na fulana baada ya skwiji kupita, inanyanyua wino na kuacha uso wa kukwaruza. Mchapaji anainua fremu mpaka milimita tano sita ili iachane, picha inavutika, rangi ya pili haikai juu ya ya kwanza. Ikiwa na mkazo mzuri, milimita mbili zinatosha.

Kosa kubwa kuliko yote ni haraka. Kitambaa kinavutwa kwa mkupuo mmoja, gundi inapakwa palepale, fremu inapakiwa kwenye bodaboda. Poliesta mpya hulegea yenyewe baada ya kuvutwa, na hulegea zaidi katika saa za mwanzo. Utaratibu ni huu, na haubadiliki kwa sababu foleni ni ndefu:

Kata meshi izidi fremu kwa sentimita kumi kila upande, na uilaze ili nyuzi ziende sambamba na fremu. Ikikaa mshazari, mkazo hautalingana kamwe. Legeza kona kabla ya kuanza, kwa sababu pale mivuto miwili inakutana na ndipo kitambaa kinapoanza kuchanika. Vuta pande zote pamoja mpaka 12, subiri dakika kumi. Panda 18, subiri tena. Panda 23 au 24, uache nusu saa. Utakuta imeshuka mpaka 20 au 21. Irudishe juu, subiri tena, ndipo upake gundi. Ukifungua vibano itashuka kidogo, hiyo ni kawaida. Kipimo cha kumwandikia mteja ni kile cha kesho yake, siyo cha kwenye vibano.

Gundi ya viatu acheni. Inayeyuka kwa thina na petroli, vitu ambavyo mchapaji anasafishia wino kila siku, na baada ya wiki chache meshi inateleza kutoka ukingoni. Tumieni gundi ya kuchanganya sehemu mbili, au ile ya papo hapo yenye kikaushio chake. Alumini isuguliwe kwanza kwa msasa na kufutwa kwa asetoni, na kingo zote kali ziuliwe kwa tupa. Ncha ndogo tu ya chuma inatosha kukata uzi wa maikroni 48. Pini za stepla kwenye meshi hii hapana: kila pini ni mahali pa mpasuko kuanzia.

Na fremu zenyewe! Fremu ya sentimita 60 iliyofungwa kwa 20 inabeba nyutoni 1,200 kila upande wa urefu huo, kama kilo 120 zinazovuta kwenda ndani. Halafu mtu anachukua bomba jembamba la madirisha, au paini ya Mafinga ambayo haijakauka vizuri, anaita fremu. Inapinda katikati, mkazo unakimbia. Mbao ikilowa kwenye kuosha inajikunja, na siku hiyo hata meza iwe nzuri vipi skrini haikai tambarare. Kwa meshi nyembamba chukueni bomba la alumini la milimita 38 kwa 38, ukuta usiopungua milimita moja na nusu, lililochomelewa kona zote na kukaguliwa juu ya kioo kwamba halichezi.

Wachapaji nao wasikie, kwa sababu wapo wanaonunua kitu kizuri na kukiua. Kostiki soda inakula poliesta na inakula alumini, kwa hiyo kusafishia skrini dawa ya namna hiyo ni kununua meshi upya. Mashine ya maji isisogezwe karibu. Skwiji isikandamizwe, uwazi wa asilimia 51 hauhitaji nguvu ya bega.

Ninachodai siyo kikubwa. Kwenye risiti ya meshi muandike idadi ya nyuzi, kama ni kwa inchi au sentimita, na maikroni za uzi. Kwenye ubavu wa fremu muandike hayo matatu, mkazo wa baada ya siku moja, na tarehe. Kalamu ya wino usiofutika inatosha. Ambaye yuko tayari kuuza hivyo aweke hapa mtaa alipo na bei yake kwa mita ya 59/48, na kwa kufunga fremu ya 50 kwa 60. Wanunuzi wapo.