UKOO WA MZEE KOMBO 🌴

*Jumamosi*

Shangazi Zuhura 06:12
Assalaam alaykum wote. Naomba kila mtu asome hii mpaka mwisho, msiipitilize kama mlivyopitiliza ile ya juzi. Majibu ya MRI ya Nasra yametoka jana jioni. Ni uvimbe kwenye shina la ubongo. Madaktari wanasema haupasuliwi. Mimi sijalala. Tukusanye milioni 30 mtoto apelekwe India. Nimeanza mimi, andikeni jina na kiasi, na mkituma mtume na ya kutolea.

1. Zuhura 500,000
2.
3.

Shangazi Zuhura 06:41
Naona watu 14 mmesoma. Semeni basi.

Beka 07:05
Shkamoo shangazi 😭

Shangazi Zuhura 07:06
Marahaba. Hicho kikatuni siyo mchango, Beka.

Jafari Muscat 07:31
Innalillahi. Dada, natoka zamu ya usiku sasa hivi ndiyo nasoma. Si walisema ni macho? Hela niliyotuma ilikuwa ya miwani!

Shangazi Zuhura 07:34
Ndiyo hayo hayo macho. Jicho moja likawa linakimbilia puani, akapewa miwani. Akaanza kuyumba akitembea, kile kituo cha kwanza wakampa dawa ya minyoo. Mdomo ukaenda upande, wakasema kapigwa na upepo. Wiki 6 tunazungushwa. Hilo lina siku yake.

Mwalimu Sefu 07:50
Zuhura, kabla ya orodha tuelezwe ugonjwa. Saumu yuko wapi?

Shangazi Zuhura 07:52
Yuko zamu hospitali. Kaka, ugonjwa ni uvimbe, nimeshaandika. Mtoto wa jirani yangu hapa Kimara alikuwa na uvimbe kichwani, akafunguliwa, wakautoa, leo yuko darasa la 5. Wetu kwa nini ndiyo ishindikane?

Beka 08:15
Jamani picha ya kikundi mmeiona lakini? Ni ile ya harusi ya ami Jafari, Nasra kambeba jogoo 😂

Jafari Muscat 08:17
😂😂 Yule jogoo alinirukia kifuani mbele ya shehe, kanzu nimeazima

Dula wa Muheza 08:20
Alikataa kumwachia mpaka aambiwe hachinjwi 😂

Beka 08:20
Na kweli hakuchinjwa. Yupo hapa Pangani kazeeka, anawika saa nane usiku

Shangazi Zuhura 08:22
Nyinyi! Namba 2 bado tupu, mnaongea jogoo?

*(hakuna aliyeandika mpaka mchana)*

Saumu 13:20
Shkamooni wakubwa wangu. Nimetoka zamu. Naandika kidogo kidogo, naomba msinikatize. Na Mama Nasra yumo humu anasoma, tuchunge maneno.

Saumu 13:24
Shina la ubongo ni pale ubongo unaposhuka kuungana na uti wa mgongo. Sehemu ya katikati yake madaktari wanaiita ponzi, maana yake daraja. Hapo ndipo inapopita mishipa ya fahamu ya kugeuza macho, ya uso, ya kumeza, na amri za miguu kutembea sawa. Ndiyo maana lilianza jicho, ukafuata mwendo, ukafuata mdomo. Hayakuwa magonjwa matatu.

Saumu 13:29
Shangazi, yule mtoto wa Kimara uvimbe wake ulikuwa ubongo wa nyuma. Ule mara nyingi ni donge, lina mpaka. Wanatoa maji yaliyojaa kichwani, wanatoa donge, na kuna aina ambayo ukilitoa lote mtoto kapona hata mionzi hahitaji. Wa Nasra siyo donge. Umejipenyeza katikati ya nyuzi za ubongo zenyewe. Wewe unapika wali wa nazi tangu mimi sijazaliwa. Wali umeiva, nikikuambia sasa nitolee tui langu, utalitoaje?

Saumu 13:33
Kwa hiyo siyo kwamba Muhimbili wameshindwa. India hawaukati, Uingereza hawaukati, Marekani hawaukati. Tiba inayotolewa kote ni mionzi. Kwa kawaida mara 30, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki 6. Na mionzi ipo hospitali ya Ocean Road, hapo hapo Dar.

Beka 13:35
Inauma?

Saumu 13:38
Haiumi Beka. Anatengenezewa barakoa ya plastiki yenye matundu kwa sura yake mwenyewe, inabanwa kitandani asitikisike, mashine inafanya kazi dakika chache, anainuka. Watoto wadogo sana hulazwa kwa dawa ya usingizi. Nasra ana miaka 7, akizoeshwa barakoa kabla anaweza kulala mwenyewe. Kitakachomchosha ni ile kwenda kila siku.

Mwalimu Sefu 13:40
Na akimaliza hizo 30, anapona?

Saumu 14:06
Ami, nimeandika na kufuta mara tatu.
Wengi wanapata nafuu, na nafuu ya kweli. Anaweza kurudi kutembea vizuri, kula bila kupaliwa, hata kwenda shule. Lakini uvimbe huu hurudi, mara nyingi kabla mwaka haujaisha. Kati ya watoto 10, anayefika miaka 2 ni kama mmoja. Mama Nasra kaambiwa jana. Mnaona hajaandika.

Jafari Muscat 14:09
Ya Rabbi.

Shangazi Zuhura 14:21
Saumu mwanangu, usomi wako nauheshimu. Ila siwezi kukaa na simu mkononi nasoma kwamba mtoto wa kaka yangu basi. Kuna watu wamekwenda India wamerudi wanatembea. Tusipojaribu tutalala vipi?

Saumu 14:25
Kujaribu ni mionzi, shangazi, na inatakiwa ianze mapema. Tukingoja milioni 30, pasipoti na viza, tunampotezea siku ambazo angeweza kula na kutembea. Sitaki yale ya kuuzwa nyumba ya Chumbageni yarudi.

Shangazi Zuhura 14:26
Nilijua utayaleta.

Shangazi Zuhura 14:28
Nilijua tu. Miaka yote mnakaa nayo moyoni. Niliyehangaika na tiketi mimi. Niliyelala sakafuni kule India siku 41 mimi. Mliobaki mkaja kuuliza hesabu baada ya arobaini.

Saumu 14:30
Shangazi sijauliza hesabu. Sijawahi. Alikuwa baba yangu.

*Mama Saumu ameondoka kwenye kikundi*

Dula wa Muheza 14:44
Wakuu kuna mtu anajua bei ya nazi Tanga mjini leo?

Mwalimu Sefu 14:45
Abdallah.

Dula wa Muheza 14:45
Samahani ami

*Shangazi Zuhura amemwongeza Mama Saumu*

Shangazi Zuhura 15:10
Wifi nisamehe. Rudi ukae. Nimesema kwa uchungu.

*Jumapili*

Jafari Muscat 02:50
Nimekesha nasoma. Saumu, Marekani mwezi wa 8 mwaka 2025 wameruhusu dawa ya vidonge, dordavipironi, ya uvimbe wa aina hii hii. Mnaijua huko? Mimi niko tayari kuuza gari.

Saumu 07:15
Nimeisoma, ami. Hiyo ni ya wenye badiliko fulani kwenye chembe za uvimbe, linaitwa H3 K27M, ambao ugonjwa wao umeendelea baada ya kutibiwa. Watoto wengi wenye uvimbe wa ponzi wanalo. Lakini kulijua ni mpaka achukuliwe kinyama, na hapo pa kuchukua kinyama ni padogo na pana hatari. Waliopimiwa dawa ile, uvimbe ulipungua kwa mtu kama 1 kati ya 5. Siyo uongo ila siyo muujiza. Usiuze gari. Nitamuuliza daktari wake Jumanne, nimeiandika kwenye daftari.

Mwalimu Sefu 08:02
Neil Armstrong aliyetangulia kukanyaga mwezi mwaka 1969 alikuwa na binti, Karen. Uvimbe ulikuwa hapo hapo kwenye shina la ubongo. Alipewa mionzi, akapata nafuu kidogo, akafariki Januari 1962 hajatimiza miaka 3. Nilikuwa nawafundisha watoto safari ya mwezini miaka yote, habari ya Karen siitaji. Leo nimeikumbuka tangu alfajiri. Baba yule kitu gani hakuwa nacho?

Shangazi Zuhura 08:10
Kaka hiyo ya mwaka 62. Dunia imekwenda mbele.

Saumu 08:14
Imekwenda mbele kwa mengi, shangazi. Kwa huu bado tiba yake ni mionzi.

Mama Nasra 09:30
Shkamooni. Anaendelea hivyo hivyo. Dawa ya kupunguza ubongo kuvimba imempa njaa, kaamka saa tisa usiku anataka wali na samaki. Uso umeanza kuvimba. Amekuwa mkali, jana kanirushia kikombe. Niiache?

Saumu 09:31
USIIACHE. Hiyo dawa, deksamethazoni, haikatishwi ghafla hata siku moja, inapunguzwa na daktari taratibu. Mpe akishakula. Njaa na hasira ni ya dawa, siyo tabia yake. Akianza kunywa maji mengi na kukojoa sana mwambie nesi, wampime sukari. Na chakula mpe vipande vidogo akiwa amekaa wima, kwa sababu ya kupaliwa.

Mama Nasra 09:40
Sawa. Ahsante mwanangu.

Beka 10:55
Nipo na babu barazani. Nimemsomea zote. Kasema nishike simu aongee.

Beka 11:03
🎤 Sauti 2:17

Beka 11:12
Bi Mtumwa kasema simu yake haifungui sauti, naandika alivyosema:

"Zuhura, Sefu, Jafari, Hamisi popote ulipo. Nyumba ya Chumbageni niliiuza mimi. Hati ilikuwa kwa jina langu na dole gumba ni langu. Zuhura nilimtuma. Mwenye kutaka kulaumu, mimi nipo hapa Pangani, aje anilaumu nikiwa hai. Rashidi, baba Saumu, alinipigia simu akiwa kule, akaniambia baba nirudisheni nyumbani nimechoka. Nikamwambia vumilia. Sijamwambia mtu neno hili. Mtoto asitenganishwe na mama yake. Kama hiyo mionzi ipo Dar, aanze. Shamba la Mwera halitauzwa na mtu yeyote mpaka Hamisi mwenyewe, mwenye mtoto, aseme kwa mdomo wake. Mimi nimemaliza."

*(hakuna aliyeandika kwa saa moja na nusu)*

Shangazi Zuhura 12:41
Nimesikia, baba.

Shangazi Zuhura 12:58
Basi tupange. Jumanne anapimwa barakoa na kupigwa picha ya kupangia mionzi. Wakisema aanze, ni wiki 6. Mama Nasra peke yake hawezi, ana mtoto wa kunyonya. Anatakiwa mtu wa pili kila wiki. Watakaa kwangu Kimara, asubuhi wanapanda mwendokasi wanashuka Kivukoni.

Wiki ya 1: Zuhura
Wiki ya 2: Zuhura
Wiki ya 3:
Wiki ya 4:
Wiki ya 5:
Wiki ya 6:

Mwalimu Sefu 13:05
Mtoto anayetapika asubuhi na kuona vitu viwiliviwili umpandishe mwendokasi saa 12 na watu wanavyobanana? Akae Kigamboni kwa mjomba wa Mama Nasra, wavuke pantoni, wamefika.

Shangazi Zuhura 13:07
Pantoni ikiharibika? Mkeka wake nimeshautandika hapa.

Saumu 13:12
Anza na kuuliza ustawi wa jamii wa hospitali kama kuna nafasi ya wanaotoka mikoani. Na naomba tuombe mapema watu wa tiba shufaa wamwone, siyo mwishoni. Kazi yao ni kumwondolea maumivu, kutapika, kukosa usingizi, na kukaa na mama yake pia. Wengi wanawaogopa wakisikia jina, wanadhani ni watu wa kuja kuaga.

Jafari Muscat 13:20
Nauli na chakula cha wiki zote 6 niandikeni mimi. Nguvu ya kuja sina mpaka mkataba uishe.

Dula wa Muheza 13:31
Wiki ya 5 naweza, nikipata wa kumwachia duka

Shangazi Zuhura 13:32
"Nikipata" siyo jina.

Mama Saumu 16:48
Wiki ya 3 niandikeni.

Shangazi Zuhura 16:49
Wifi 😭 Ahsante.

Baba Nasra 21:37
Assalaam alaykum. Nipo Tunduma, foleni siku ya pili, mtandao unakuja na kukata. Nimesoma yote nimekaa chini ya lori. Sauti ya baba nimeisikia mara mbili. Mionzi aanze, msiningoje. India sijasema ndiyo, sijasema hapana. Nikishusha mzigo Ndola narudi moja kwa moja, nataka kwanza nimwone mtoto, nimsikie daktari kwa masikio yangu. Mama Nasra pokea simu.

Saumu 21:40
Sawa ami. Hilo ni haki yako.

Shangazi Zuhura 21:44
Hamisi, orodha ya India siifuti, naiweka pembeni. Laki 5 yangu ipo pale pale. Tukutane Dar.

Mama Nasra 22:15
Nimeongea naye. Nasra bado yuko macho. Nimemweleza habari ya barakoa, anauliza kama akimaliza anapewa aende nayo nyumbani, amvalishe yule jogoo.

Beka 22:16
Mwambie jogoo anamsubiri. Kichwa chake kidogo lakini tutamfungia na kamba

Bi Mtumwa 22:52
Ndiyo kwanza nafungua simu. Sijaelewa, ni India au siyo India?

Shangazi Zuhura 22:54
Soma juu Bi Mtumwa. Na wiki ya 4 nakuandika wewe.