Safari ya meli ya kitalii na familia: tumelipia bandari, tukaonyeshwa maji

Wakuu, uzi huu ni mrefu na una hasira, asiyependa apite. Tumerudi juzi kutoka kwenye safari ya meli ya kitalii, mimi, mke wangu, watoto na mama yangu mzazi. Kampuni siitaji kwa sababu madai yangu bado yako mezani kwao, ila mliowahi kupanda hizi meli kubwa mtaitambua tabia.

Kilichonifanya nitoe hela ni ratiba. Sikufuata bwawa wala maonyesho ya usiku. Kwenye ratiba kuna kisiwa ambacho mama amekuwa akikitaja tangu sijaoa, na ndicho kilichowekwa picha kubwa mwanzo kabisa wa tangazo lao. Kisiwa hicho hatukukikanyaga. Asubuhi ya siku yenyewe tumeshavaa, mama kakaa kitandani na mkoba mapajani tangu alfajiri, spika zikalia: upepo ni mkali, kwa usalama wetu nahodha ameamua kutoingia bandarini, basi tufurahie siku ya ziada baharini. Siku ya ziada! Utadhani tumepewa zawadi. Na mimi nimesimama sitahani naiona kwa macho yangu meli nyingine, ndogo kuliko yetu, imefunga gatini palepale na abiria wake wanashuka.

Kabla hamjanirukia: najua upepo haupangiwi. Meli ya ghorofa zaidi ya kumi ubavu wake unashika upepo kama tanga, na sitaki nahodha abahatishe mama yangu akiwa ndani. Ugomvi wangu ni na waliouza. Kama chombo chenu ni kikubwa kiasi kwamba meli ndogo inaingia nyinyi mnashindwa, mlijua hilo kabla hamjachukua hela yangu. Picha ya kisiwa mmeiweka kubwa, sentensi ya kwamba ratiba yaweza kubadilika mmeiweka mahali pa kutafutwa kwa miwani.

Sasa angalieni mchezo wenyewe. Meli ikiwa bandarini, kasino na maduka yasiyotozwa ushuru kwa kawaida hufungwa, maana pale iko kwenye maji ya watu wenye sheria zao na forodha yao. Ikitoka bahari kuu, vinafunguliwa. Siku ile tangazo la nahodha halijapoa, kasino tayari inawaka taa, kuna mnada wa picha za ukutani, kuna meza ya saa za mkononi za bei ya punguzo katikati ya njia ya kwenda kula, huwezi kupita bila kuigusa. Abiria maelfu wamo ndani, hawana pa kwenda, na kadi za kulipia zinaning'inia shingoni. Kampuni nayo tozo za bandari ile haikulipa. Nionyesheni hasara yao iko wapi.

Tozo zetu walirudisha, ndiyo. Zilirudi kama salio la kutumia humohumo melini! Yaani hela niliyoitoa ili mama akanyage kisiwa, naambiwa ninunulie soda. Matembezi ya nchi kavu tuliyolipia kwao walifuta na hela wakarudisha bila maneno. Gari na mwongoza watalii tuliowapanga wenyewe, kwa kuwa bei ya kampuni ilikuwa ya kukomoana, hela hiyo imekwenda na maji.

Halafu kuna la mtoto. Mdogo wetu bado anavaa nepi. Kwenye tangazo kuna kichanga kinacheka bwawani mikononi mwa baba yake. Tunafika, kibao: wenye nepi hawaingii, hata zile nepi za kuogelea. Sababu yenyewe siipingi. Meli zinazofika bandari za Marekani hukaguliwa usafi na CDC, taasisi ya serikali yao ya kudhibiti magonjwa, kwa alama 100, ukipata 85 kushuka chini umefeli, na suala la nepi bwawani ni moja ya masharti yao, isipokuwa kama kuna bwawa lililotengenezwa maalumu kwa watoto hao. Kwetu halikuwepo. Sawa, basi ondoeni picha ya kichanga! Klabu ya watoto nayo ilikuwa ni kuanzia miaka mitatu, na awe ameshaacha nepi. Mke wangu likizo yake ameimalizia kwenye zulia la chumbani, anapanga vikombe vya plastiki na mtoto anavibomoa, huku dirisha letu la kutazama bahari limezibwa na boti ya uokozi ya rangi ya chungwa. Tulilipa zaidi ili tusikae chumba cha ndani. Nimeiangalia ile boti mpaka nikajua bati lipi lina kutu.

Viti vya bwawani sivisemi, kila mahali taulo, mwenye taulo haonekani.

Bakshishi: inakatwa yenyewe kila siku, kwa kila kichwa, hata ya binti yangu anayemaliza chekechea. Kijana aliyekuwa anatusafishia chumba sina neno naye, alikuwa anamwita mama yangu "mama" na kumshika mkono kwenye ngazi. Hawa watu mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006 unaruhusu wafanyishwe kazi hadi saa 72 kwa wiki. Wanastahili. Lakini mshahara wa mfanyakazi wenu ulipeni nyinyi, msiuchomoe kwenye bei ili tangazo lionekane rahisi.

Kilichofanyika sawasawa ni kimoja tu, zoezi la dharura. Baada ya meli ya kitalii Costa Concordia kugonga mwamba na kulala ubavu tarehe 13 Januari 2012, wakafa watu 32, kanuni zilikazwa, na tangu 2015 zoezi hilo linafanyika kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Hapo hakuna aliyetania, mpaka mama akaonyeshwa kituo chake cha kukusanyikia hatari ikitokea. Kumbe wakibanwa na sheria wanaweza.

Nimeandika kulalamika. Jibu: mkataba unampa nahodha haki ya kuruka bandari yoyote bila fidia, na mngesoma. Nani kati yenu amewahi kukataa kifungu hicho na bado akauziwa tiketi? Nikachimba sheria mwenyewe, maana tulikata kwa wakala aliye Umoja wa Ulaya. Kanuni namba 1177 ya 2010 inampa abiria wa feri aliyecheleweshwa kufika haki ya kudai 25% au hata 50% ya nauli. Abiria wa meli ya kitalii ametolewa waziwazi kwenye kifungu hicho. Nilikaribia kukata tamaa, mpaka nilipofika kwenye maelekezo ya Umoja huohuo namba 2015/2302 yanayohusu safari za vifurushi, yaani usafiri na malazi vikiuzwa pamoja, ambamo safari kama yetu inaingia. Kifungu cha 14 kinasema punguzo la bei ni haki yako kwa muda wote ambao ulichouziwa hakikutolewa, labda kama wewe mteja ndiye uliyesababisha. Hali isiyozuilika, kama dhoruba, inawaokoa kwenye fidia ya ziada. Kwenye punguzo haiwaokoi. Hilo kwenye majibu yao hawakuligusa kabisa.

Kwa hiyo naomba mwenye uzoefu: kuna aliyewahi kudai kwa kifungu cha 14 baada ya bandari kurukwa? Thamani ya siku hiyo uliihesabu vipi, na ulimbana nani kwanza, wakala au kampuni yenyewe? Wanaotaka kuniambia nishukuru tulirudi salama wasijisumbue, mke wangu ameshaniambia.