Simu za kukunja: tupeane uzoefu kabla mtu hajapigwa Kariakoo

MtuWaSinza
Wakuu, habari za mchana. Siku hizi kila kona ni Flip na Fold za Samsung (Flip inakunjwa juu kwa chini ikawa ndogo, Fold inafunguka kama kitabu), hata ndani ya mwendokasi unasikia "tap" za watu wanafunga simu. Bei za mtumba nazo zimeshuka mpaka mtu wa kawaida anaanza kujipapasa mfukoni. Sifa za kwenye matangazo tumeshazisikia. Anayezijua simu hizi kwa undani aseme: nini kinaharibika, kwa nini, na nani hasa asiguse. Karibuni.

fundi_chini_ya_ngazi
Nianze na kitu kinachowachanganya wengi: fleksi na kioo. Simu ya kukunja ina betri mbili, moja kila upande, na kwenye Flip bodi kubwa iko nusu ya juu wakati tundu la chaji liko nusu ya chini. Kinachounganisha pande hizo ni fleksi, yaani mikanda myembamba ya nyaya, zinazopita bawabani, na kila ukikunja simu nazo zinakunjwa. Zikichoka, dalili zinakwenda na pembe ya kufungua: chaji inaingia simu ikiwa imefungwa, ukiifungua inakata. Au maiki inapotea, spika inakoroma, na wakati wote huo kioo kiko safi kabisa. Hapo unabadilisha fleksi, maisha yanaendelea.

Kioo chenyewe kikichoka kwenye mkunjo ni habari nyingine. Kinaanza kuchezacheza ukifika nusu ya kufungua, baadaye nusu moja haisikii kidole, halafu mstari mmoja wa rangi, halafu doa jeusi kama wino, halafu giza. Hapo hakuna cha kuunga. Kioo cha ndani kinakuja kimeshikana na fremu na bawaba yake, ndiyo maana bei yake inamtoa mtu machozi. Kabla ya kununua simu, uliza kwanza bei ya kioo cha ndani cha modeli hiyo. Bei ya simu ije baadaye.

BintiUpanga
Fundi umetema madini. Nimeweka kambi hapa.

kaka_tabata
Mnakuza mambo. Tatizo kubwa la Flip ni ile nailoni ya juu ya kioo cha ndani. Inavimba pale kati, inaweka kapovu. Dawa yake ni kuing'oa tu, kioo kipo chini yake. Kwisha habari.

fundi_chini_ya_ngazi
Kaka, usimpoteze mtu. ILE SIYO PROTEKTA YA BUKU TANO.

kaka_tabata
Chai. Mafundi mnatisha watu ili mpate hela.

Mchambuzi_Kimara
Ngojeni niwape kisa kilichoiaibisha kampuni kubwa duniani kwa sababu ya kung'oa nailoni.

Februari 2019 Samsung walionesha Galaxy Fold ya kwanza. Mauzo yalipangwa kuanza 26 Aprili mwaka huohuo Marekani. Wiki moja hivi kabla ya siku hiyo waandishi wa habari za teknolojia wakapewa simu za kujaribu. Ndani ya siku chache simu zikaanza kufa mikononi mwao. Wapo walioona ukingo wa nailoni umeachia nafasi kidogo pembeni, wakadhani ni ile plastiki ya kutoa boksini, wakavuta. Kioo kikaanza kuwakawaka, kikazima. Mwingine hakung'oa chochote: kipande kidogo cha uchafu kiliingia kwa chini, kikainua kioo kuanzia ndani, ukaonekana uvimbe. Kampuni ikaahirisha mauzo na simu ikatoka Septemba.

Iliporudi, walikuwa wameipitisha nailoni chini ya fremu ili mtu asipate hata pa kushikia ukucha, na wakaweka vifuniko vidogo juu na chini ya bawaba kuziba zile nafasi mbili. Kwa hiyo kaka Tabata, wenzako walishang'oa kabla yako, dunia nzima ikaona.

BintiUpanga
Jamaniii. Wiki moja kabla ya mauzo?

dogo_wa_Temeke
Uzi ulikuwa wa Flip, sasa tuko Marekani 2019 😂

MzeeWaKeko
Kijana wa Kimara umesema kweli, ila umemwacha mwenzako hewani. Fold ile ya kwanza kioo chake kilikuwa plastiki tupu, haikuwa na glasi. Kuanzia Z Flip ya Februari 2020 waliweka glasi nyembamba sana, unene wake kama mikromita 30, na nailoni ikalala juu yake. Kwa hiyo kwenye Flip za baadaye ukiitoa nailoni kioo kinaweza kisife palepale, na hicho ndicho kinachompa kiburi kaka Tabata. Lakini unabaki na glasi nyembamba kuliko unywele wa watu wengi, haina kitu cha kuishikilia. Punje moja ya mchanga ukifunga, inapasuka kwenye mkunjo. Wote wawili mna haki, mmoja amebaki mwaka 2019.

dogo_wa_Temeke
Shikamoo mzee.

MzeeWaKeko
Marahaba. Acha kucheka watu.

kaka_tabata
Sawa mzee nimekusikia. Sasa kapovu likitokea mtu akae nalo tu?

fundi_chini_ya_ngazi
Asikae nalo. Povu likiwa dogo ndiyo wakati wake, kwa sababu likiachwa vumbi linaingia chini ya nailoni, na kila ukifunga unalikandamiza kwenye glasi. Nailoni inabadilishwa peke yake, kioo hakiguswi. Simu inafunguliwa ikae bapa, inapashwa joto la wastani gundi ilegee, kisha nailoni inavutwa kutoka pembeni ikiwa imelala, polepole. Ukiivuta kwenda juu, unainua na glasi. Gundi iliyobaki inafutwa kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo. Ukimwaga spiriti inakimbilia pembezoni na kuingia ndani. Mpya inabandikwa kuanzia upande mmoja kwenda mwingine bila kurudi nyuma. Ikishakaa, usiikunje mpaka kesho yake.

Na asije mtu akabandika protekta ya glasi ndani, wala ile ya gundi ya maji inayokaushwa kwa taa. Ya glasi haikunjiki, ile ya gundi inaweza kupenya pembeni na hutaitoa tena.

Mama_Kariakoo_Spea
Ninawasoma tu. Wateja wanauliza kava kuliko kitu kingine. Kava yenye sumaku ambayo si ya modeli hiyo ina shida: simu inatumia sumaku kujua imefungwa, sumaku ya kigeni inaweza kuidanganya, ukawa umeifungua na kioo kikazima. Tena Samsung wenyewe wanatahadharisha kadi za benki na watu wenye vifaa vya moyo wasikae karibu sana na sumaku za simu hizi. Hivyo mtindo wa kuchomeka kadi ya ATM ndani ya Flip halafu unafunga, acheni.

dogo_wa_Temeke
Mimi ushauri wangu ni mmoja: nunua mbili, moja ya kutumia, nyingine ya spea.

Mchambuzi_Kimara
Kuhusu mikunjo. Kampuni zimezoea kusema simu imejaribiwa mara 200,000. Piga hesabu: ukifungua mara 100 kwa siku hiyo ni miaka mitano na nusu hivi. Ukiwa mtu wa magrupu unafungua mara 200, inakuwa chini ya miaka mitatu. Halafu ile mashine inakunja kwa mwendo uleule, chumba kisafi, haina mchanga wala jasho. Kufungua kwa kidole kimoja kwa mbwembwe, "chwap", hakumo kwenye hesabu hizo.

Ngalawa_Kigamboni
Hapo kwenye mchanga ndipo watu wa huku tunapoisha. Watu wanasoma "haingii maji" wanafunga. Fold3 na Flip3 za 2021 zina IPX8, kile kipimo cha kuzuia vumbi na maji. Ile 8 ni maji baridi ya kawaida, mita moja na nusu kwa nusu saa. Maji ya bahari hayamo. Ile X maana yake upande wa vumbi hawakuahidi chochote. Fold6 na Flip6 za 2024 zikapanda kuwa IP48, na 4 inazuia vitu vinavyozidi milimita moja. Chota mchanga wa Coco uuangalie kiganjani, nyingi ya punje hizo ni ndogo kuliko hapo. Ya kukunja yenye kinga kamili ya vumbi, IP68, imekuja 2025 na Pixel 10 Pro Fold ya Google.

Mchanga ukiingia utasikia bawaba inakwaruza. Usipulizie hewa ya kompresa, unausukuma ndani zaidi. Chukua brashi laini kabisa, simu ikiwa nusu wazi imeinama, piga kutoka katikati kwenda nje. Na simu ikishafunguliwa na fundi hata mara moja, habari ya maji isahau, gundi ya pembeni haijarudi ilivyokuwa.

fundi_chini_ya_ngazi
Hiyo ya mwisho naiunga mkono ingawa inanikata mkate.

Shangazi_Mbagala
Jamani mbona mnaongelea hasara tupu. Fold kwa mtu wa mahesabu ni raha: Excel upande huu, WhatsApp upande ule. Flip unaisimamisha mezani nusu wazi inapiga picha yenyewe, na selfi unapiga kwa kamera kubwa ya nyuma ukijiona kwenye kioo cha nje. Tena barabara ya Ali Hassan Mwinyi, kwa hawa vibaka wa pikipiki, Flip inajificha kiganjani. Fold ukiifungua pale kituoni umewaitia chakula.

MzeeWaKeko
Ila chaji dada. Flip5 ina betri ya mAh 3,700. Mtu wa hotspot na video, saa tisa alasiri anatafuta soketi. Fold5 ina 4,400 inalisha kioo kikubwa. Tecno Phantom V Fold ya 2023 angalau waliipa 5,000.

dogo_wa_Temeke
Tecno spea zake za kukunja utapata wapi?

Mama_Kariakoo_Spea
Kioo cha ndani cha hiyo si cha kukuta kaunta, ni cha kuagiza. Cha Samsung kinapatikana, mara nyingi kimevuliwa kwenye simu iliyokufa. Kiwashwe mbele yako kabla hakijafungwa.

BintiUpanga
Kwa anayekwenda kununua mtumba, akague nini?

fundi_chini_ya_ngazi
Piga *#06#, IMEI (namba ya utambulisho wa simu) ifanane na ya kwenye boksi, kisha itume kwa SMS kwenda 15090, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, watakujibu kama ni halali. Kwenye Samsung piga *#0*#, weka nyekundu, kijani, bluu, nyeupe: tafuta doa na mstari. Chagua sehemu ya mguso upake vile viboksi vyote, hasa vya katikati. Halafu cheza video huku unaikunja taratibu sana. Kioo kisicheze popote. Iachie ikiwa nusu wazi: ikianguka yenyewe bawaba imelegea. Ifungue mpaka mwisho iwe bapa kabisa. Isiponyooka, bawaba ina shida. Mgongo ukiwa umeinuka, betri imevimba. Mwisho toa akaunti zote, irudishe kwenye hali ya kiwandani ukiwa palepale, iwake upya bila kuuliza nywila ya mtu.

Ngalawa_Kigamboni
Na laini! Flip nyingi zinachukua laini moja ya kawaida, ya pili ni eSIM, laini ya ndani ya simu isiyo na kadi. Flip3 iliyotoka Korea, namba yake ya modeli inaishia na N, hata eSIM haina. Mtu mwenye laini mbili za pesa analia dukani. Memori kadi nayo hakuna kwenye Flip wala Fold yoyote. Flip3 hiyohiyo imeishia Android 15.

kaka_tabata
Za Marekani je? Zinauzwa bei poa.

fundi_chini_ya_ngazi
Zenye U mwishoni angalia haijafungwa kwa mtandao wa kule. Weka laini yako upige simu kabisa, usiridhike na WiFi ya duka. Piga ukiwa umeifungua, halafu piga ya pili ukiwa umeifunga.

BintiUpanga
Muuzaji akikataa nisijaribu hayo yote?

Mama_Kariakoo_Spea
Mrudishie simu yake uvuke barabara. Mtaa wa Aggrey una maduka.